Shahidi Asiyejua Utani

Kabati la dawa lilikataa kufunguka.

Ndeshi Tesha alidhani amegusa vibaya. Akafuta kiganja kwenye gauni lake la kazi, akakibandika tena kwenye kioo cha kabati, akataja jina la mgonjwa na dawa anayoitaka. Taa ya njano ikawaka, kisha ikazimika.

"Nakijwa Mgonja ana kauli iliyofungwa," ilisema sauti kutoka ukutani, juu ya kitanda. "Antibayotiki na oksijeni hazitatolewa. Dawa ya kutuliza ipo. Nitoe?"

Huyo alikuwa Shahidi. Katika Makao ya Wazee ya Kwamtunda, huku juu milimani Upare, kila kitanda kilikuwa na Shahidi wake, kifaa cha mviringo kisichozidi sahani ya chai, na sauti yake ilikuwa ya upole usiokwisha. Upole huo ndio uliomkera Ndeshi.

"Kauli gani?" aliuliza. "Huyu bibi ana nimonia! Nimetoka mapumzikoni sasa hivi namkuta anahema hivi, unaniambia habari za kauli?"

Kitandani, Bibi Nakijwa alikuwa anavuta pumzi fupifupi, shingo imekaza, midomo imeanza kugeuka rangi. Mwili haukuwa na joto kubwa. Wazee ndivyo walivyo, nimonia huwaingia kimyakimya, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kuchanganyikiwa tu. Asubuhi hiyo alikuwa amemwita mpishi kwa jina la mumewe. Mpishi alicheka, akampa uji, akaenda zake.

"Kauli ya kukataa matibabu endapo mapafu yatajaa tena," alisema Shahidi. "Ilitolewa na mgonjwa mwenyewe, akiwa na akili timamu. Wewe ulikuwepo."

Ndeshi akakumbuka.

*

Sheria ya Kauli haikutungwa na watu wabaya. Walioitunga walikuwa wamechoka kuona mambo. Kulikuwa na watoto waliokuwa mbali, hawaji kusalimia, lakini wanaagiza mama azidi kuunganishwa na mashine ili siku ya msiba wasisemwe. Kulikuwa na wengine waliochoka mapema mno, na mgonjwa akanyimwa dawa huku ndugu wakisema ni mapenzi ya Mungu. Basi sheria ikasema neno ni la mzee peke yake. Na kwa kuwa neno la mzee lilikuwa likipindishwa na walio karibu naye, akatafutwa shahidi asiyekula rushwa, asiyelala, asiye ndugu wa mtu.

Shahidi husikiliza sauti na maneno. Kiraka kilichobandikwa kifuani mwa mzee humpa mapigo ya moyo na joto la ngozi. Mzee akitamka jambo la uhai wake, Shahidi hupima: anajitambua? Ana hofu? Anatania? Mafundi waliomtengeneza hawakuwa wajinga, walimfundisha kicheko cha kila namna, hata kile kinachoishia puani, na palipo na kicheko Shahidi hupuuza kauli. Kazi nzuri kabisa. Ila hakuna aliyewaletea Mpare na Mchaga, watani wa jadi, wakawaweka chumba kimoja.

Bibi Nakijwa alikuwa Mpare wa kuzaliwa hukohuko, mkulima wa tangawizi, mwanamke aliyewahi kumburuza diwani mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba na akamshinda. Ndeshi alikuwa Mchaga wa Old Moshi. Siku Ndeshi alipoingia kazini, bibi alimtazama toka juu hadi chini, akasema kwa uso wa mtu aliyefiwa: "Mmeniletea Mchaga? Ficheni pochi yangu."

"Pochi ya Mpare ina nini," Ndeshi alijibu, uso mkavu vilevile, "zaidi ya hati za mashtaka?"

Tangu hapo ikawa ndiyo shughuli yao. Anayecheka kwanza ameshindwa, na hakuna aliyekuwa tayari kushindwa. Wazee wa vyumba vya jirani walikuwa wakisogeza viti mlangoni kusikiliza, wao ndio wanaovunjika mbavu. Wale wawili, hata tabasamu hupati. Mapigo ya moyo wa bibi yalikuwa yametulia kama ya mtu anayesali.

*

"Nimeisikia," alisema Dokta Lugome. Uso wake ulikuwa kwenye kioo cha ukutani. Alikuwa mjini Same, akihudumia vituo vya milima yote kutoka kiti kimoja. "Mtoto wake naye ana haki ya kuisikia. Namuunganisha."

Kioo kikagawanyika. Akatokea mwanamume wa makamo mwenye vumbi kwenye nyusi, nyuma yake mitambo ya kuchonga barabara ikinguruma. Elinami, mtoto wa pekee aliyebaki. Ndeshi alikuwa akimjua kwa sauti tu, kwa zile simu za Jumapili.

"Mama yukoje?"

"Hali si nzuri, kaka," Ndeshi alisema. "Tunahitaji..."

"Sikiliza kwanza," alisema daktari, na Shahidi akaicheza ile sauti.

*Bibi, hivi unakufa lini?* Ilikuwa sauti ya Ndeshi, nzito, haina hata chembe ya mzaha. *Kuna Mchaga mwenzangu anakitaka kitanda hiki, na ana haraka.*

*Mwambie asubiri kidogo,* ikajibu sauti ya bibi. *Mapafu yakijaa tena msinipe dawa, wala msinivalishe kile kinyago chenu cha hewa. Niacheni niende. Chumvi niliyokula inatosha.*

*Ahsante. Nitamwambia alete na godoro lake.*

*Alete. Lakini nikifika huko nakufungulia kesi, na mahakimu wote wa huko ni Wapare.*

"Kauli inaishia kwenye neno 'inatosha'," alisema Shahidi. "Yaliyofuata hayahusu matibabu."

Mitambo ya Elinami ilizimwa. Kimya kilipoingia, pumzi za bibi zikasikika chumba kizima.

"Sista," alisema Elinami polepole. "Yule ni wewe?"

"Kaka, sikia..."

"Umemuuliza mama yangu anakufa lini?"

"Ndeshi!" Daktari aliingilia kwa ukali. "Usijibu. Kila unalosema Shahidi analisikia. Nisikilize mimi kwanza." Akakata sauti Elinami asisikie, akajifuta uso. "Mimi Mhehe, nina watani kila kona, naelewa kilichotokea hapo kuliko unavyodhani. Lakini mashine imeshapima ikasema hapakuwa na mzaha, na utani haumo kwenye sababu za kubatilisha. Sababu ni kuchanganyikiwa, na siku ile hakuwa amechanganyikiwa. Ni kughushi, na sauti ni yake. Ya mwisho ni shinikizo."

"Shinikizo la nani?"

Daktari akakisogelea kioo.

"La muuguzi," alisema. "Akikiri mwenyewe kwa kiapo. Ukianza kujitetea kwamba mlikuwa mnataniana, kiapo hicho hakitapokelewa tena, maana utakuwa umeshajipinga. Na sikushauri. Ni leseni yako, na baada ya leseni ni mahakama."

"Na nisipofanya hivyo?"

"Mpe dawa ya kutuliza. Mshike mkono. Hataimaliza siku."

*

Lilikuwepo jambo moja ambalo Ndeshi hakumwambia daktari.

Wakati wa masika bibi alipata nimonia ya kwanza, na hapakuwa na kauli yoyote, kwa hiyo akatibiwa kama sheria inavyotaka. Akavalishwa kinyago kinachosukuma hewa. Kila alipokivua, ule mkono wa chuma unaoning'inia juu ya kitanda, ambao siku zote ulimgeuza taratibu asipate vidonda vya kulalia, ulimfunga viganja kwa vitambaa laini. Alipona. Kituo kizima kilishangilia. Siku moja Ndeshi alikuwa akimwogesha, bibi akajitazama viganja, akasema: "Mlinifunga."

"Tulidhani unakimbia kesi," Ndeshi alimtania.

Bibi hakurudisha. Aligeuza uso akatazama dirishani mpaka maji yakapoa. Na baada ya hapo ndipo ilipokuja habari ya kitanda na godoro.

Kwa hiyo Ndeshi hakuwa na uhakika. Hilo ndilo lililomsumbua kuliko leseni. Kama ulikuwa utani mtupu, basi mwanamke alikuwa anauawa na mashine isiyojua kucheka. Kama haukuwa utani, basi mashine ilikuwa ndiyo pekee iliyomsikiliza.

Akainama kitandani. Mwenye jibu alikuwa mmoja tu.

"Bibi! Bibi Nakijwa! Wachaga wameingia shambani, wanang'oa tangawizi yako yote!"

Macho yakafunguka. Ndeshi akangoja. Tusi dogo tu la kumwita yeye mwizi, chochote kile, mradi kitoke mahali pake.

"Namcha," alisema bibi, akimtazama kama anamwona mtu mwingine. Namcha alikuwa dada yake, na alishazikwa zamani. "Ingiza mbuzi. Mvua hiyo inakuja."

"Mgonjwa hajitambui," alisema Shahidi. "Maneno haya hayawezi kufuta kauli."

Kwenye ukuta, kipimo cha oksijeni kwenye damu kilikuwa kimeshuka tena, sasa kinawaka chekundu. Elinami, sasa amerudishiwa sauti, alikuwa amekamata kioo chake kwa mikono miwili, uso wake umejaa skrini nzima.

"Dokta, fanya kitu! Mimi ni mwanawe, naamuru apewe dawa!"

"Ndugu haamuru," alisema Shahidi kwa upole uleule.

"Namcha," bibi aliita tena, na safari hii kulikuwa na hofu. "Namcha, uko wapi?"

Ndeshi aliushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, na ulimng'ang'ania. Hakuna falsafa iliyokuja kichwani wakati huo, wala sheria. Alimpenda huyu bibi, basi. Hakuweza kusimama pale akamtazama akizama.

Akanyanyuka, akatazama ile sahani ya Shahidi ukutani.

"Mimi, Ndeshi Tesha, muuguzi, nakiri kwa kiapo. Nilimshinikiza Nakijwa Mgonja aseme maneno yale. Nilikitaka kitanda. Nilimwambia aharakishe kufa."

Elinami alitoa sauti kama mtu aliyepigwa ngumi tumboni.

"Ungamo limepokelewa," alisema Shahidi. "Kauli imesimamishwa mpaka Baraza litakaposikiliza. Kabati limefunguliwa. Muuguzi Tesha, ondoka eneo la mgonjwa. Ukikana ungamo hili kabla ya Baraza kukaa, kauli itarudi na matibabu yatakoma."

Mkono wa chuma ukashuka kutoka darini. Ukachukua dripu kabatini, ukaitundika, ukatafuta mshipa kwa ustadi mkubwa. Kisha ukachukua kinyago. Ndeshi alikuwa ameshafika mlangoni alipoona vitambaa vile vinatolewa kwenye droo ya pembeni.

"Usimfunge!"

Amri yake haikuwa na nguvu tena. Akageukia kioo.

"Kaka Elinami, nakuomba. Nitukane utakavyo lakini njoo. Mtu wa familia akiwa amemshika mikono, mashine haimfungi. Njoo umshike mikono."

"Toka mbele ya mama yangu," alisema Elinami.

*

Habari zikateremka mlimani kabla ya Ndeshi mwenyewe. Mwenye duka alimuuzia mkate bila kumtazama. Mama mwenye nyumba aliacha kumgongea asubuhi kumuuliza ameamkaje. Na mama yake mzazi alipopiga simu kutoka Old Moshi kuuliza kama ni kweli, Ndeshi alilazimika kusema ni kweli, maana neno moja la kukana likifika Kwamtunda, dripu inafungwa.

"Nilikulea hivyo?" mama aliuliza.

"Hapana, mama."

Simu ikakatika. Ndeshi akalia mpaka akapitiwa na usingizi juu ya kiti, na kila alipoamka alijiuliza swali lilelile: nimemwokoa, au nimemwibia?

*

Baraza lilikaa asubuhi yenye ukungu, chumbani kwa bibi, kama sheria inavyotaka mzee asihangaishwe. Afisa wake aliitwa Bi Sauda Kipingu, mwanamke mnene mwenye subira, aliyekuja na begi dogo na kikohozi. Elinami alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa bado na nguo zake za kazi, zimekunjamana, na macho yake mekundu yalimpita Ndeshi kama hayupo.

Bibi Nakijwa alikuwa ameegemezwa mito miwili. Amekonda, lakini macho yalikuwa mahali pake. Viganja vyake havikuwa na alama yoyote. Ndeshi aliviona, akamtazama Elinami, akajua.

"Shikamoo, Bibi," alisema Ndeshi kutoka mlangoni.

"Marahaba."

Ni hivyo tu. Bi Sauda akaanza.

"Mama, unajitambua? Uko wapi hapa?"

"Kwamtunda. Kitanda cha dirishani. Na chai yenu ya leo haikuwa na tangawizi, iliona tangawizi ikipita kwa mbali."

"Mgonjwa anajitambua," alisema Shahidi.

"Muuguzi huyu amekiri kwamba alikushinikiza useme utakataa matibabu. Ni kweli?"

Bibi akageuza kichwa polepole.

"Huyu? Ana nguvu gani za kunishinikiza mimi? Nimemshinda diwani mahakamani, nije nishindwe na Mchaga wa zamu?"

Elinami akasimama. "Mama, tumesikia sauti yake mwenyewe! Amekuuliza unakufa lini!"

"Ni mtani wangu. Ulitaka aniulize nini, habari za mavuno?"

"Basi ulikuwa utani," alisema Bi Sauda, na akashusha pumzi kama mtu aliyeona njia. Hata Ndeshi alijikuta ameegemea ukuta. Kama ulikuwa utani, alikuwa hajaiba kitu.

Bibi akajisogeza kwenye mito.

"Ulikuwa utani," alisema. "Na nilikuwa nasema kweli."

Akamnyooshea Elinami kidole.

"Ningemwambia huyu mwanangu, angelia. Angeniletea mchungaji, angeniletea shangazi zake wote na masufuria. Ningemwambia daktari, angeniandikia dawa ya huzuni. Mtani humwambii hivyo. Mtani unamrushia, naye anakurushia, hakuna wa kulia, hakuna wa kusumbuliwa, lakini neno limefika. Ndiyo kazi ya mtani. Mimi nilijua limefika."

Ndeshi angeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua.

"Lilifika, Bibi," alisema. "Nililisikia. Sikuwa na uhakika, lakini nililisikia. Nikaogopa. Ulikuwa unaita dada yako, na mimi sikuweza."

"Najua hukuweza."

"Nisamehe."

"Nyamaza kwanza, sijamaliza." Bibi akamshika mwanawe mkono, akamvuta mpaka akaketi tena. "Na wewe, usiniangalie hivyo. Nimefumbua macho nimekukuta umenishika mikono miwili, unakoroma umekaa. Tangu ulipokuwa mtoto sikuwahi kukaa na wewe siku zote hizo. Siku hizo nimezipokea, sizirudishi, na huyu Mchaga ndiye aliyenipa. Lakini si uliniona nilivyokuwa nahema na kile kinyago usoni? Si uliona mwenyewe?"

Elinami aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtiririka hadi kidevuni.

"Basi usiniombe tena," alisema mama yake.

Bi Sauda alikohoa. Akaeleza kwamba ungamo la muuguzi limeanguka, na kwamba kiapo cha uongo ni kosa, Baraza litamsimamisha kazi. Akaeleza pia kwamba kauli sasa iko mikononi mwa mzee, aifute au aithibitishe, na akaifanya sauti yake kuwa laini kidogo aliposema neno kufuta.

"Ibaki," alisema bibi.

"Kauli imethibitishwa," alisema Shahidi. "Kuna nyongeza?"

"Ipo. Siku hiyo sitaki mkono wa chuma. Namtaka huyu, Ndeshi Tesha, akae na mimi mpaka nimalize."

"Mama, nimesema huyu anasimamishwa," alianza Bi Sauda.

"Mzee huchagua mwangalizi wa saa yake ya mwisho," alisema Shahidi. "Uchaguzi huo unatangulia adhabu ya Baraza. Mwangalizi anatakiwa akubali kwa sauti."

Wote wakamgeukia Ndeshi. Alimtazama bibi usoni, akitafuta hata kona ya mdomo iliyocheza, na hakuona kitu. Elinami alikuwa anamtazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na si kwa chuki tena.

"Kataa, dada," alimnong'oneza. "Tafadhali. Labda atabadili mawazo."

Ndeshi alijua maana ya kukubali. Pumzi zilezile fupi zitarudi, pengine kabla ya mvua za vuli, na jina la Namcha litaitwa, na yeye atakuwa ameketi na mikono mitupu, karibu na dawa inayoponya. Alitamani sana kukataa.

"Nakubali," alisema.

"Sema vizuri," alisema Bibi Nakijwa. "Sema utakachofanya, mashine isikie."

"Nitakaa na wewe, Bibi. Sitakupa dawa." Akasogea kando ya kitanda. "Nitakuacha uende."

"Imesikika," alisema Shahidi.

Elinami akatoka nje kwenye ukungu, Bi Sauda akamfuata na begi lake. Bibi aliwasindikiza kwa macho mpaka mlango ukafungwa, kisha akanyoosha kidole kwenye meza ya pembeni, kwenye bakuli la uji lililofunikwa.

"Haya, nilishe kabla haujapoa," alisema. "Leo sifi."

Ndeshi akafuta machozi kwa mkono wa gauni, akavuta kiti, akachukua kijiko.